Akili mnemba: Tusikubali upagazi mpya

Lipo neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika mikutano ya wakubwa wa teknolojia duniani. Neno hilo ni "ushirikishwaji". Kila kampuni kubwa inayotengeneza mashine za akili mnemba hutangaza kuwa inataka kuwashirikisha wale walioachwa nyuma: Waafrika, wanawake, watu wa visiwani, wakulima wa vijijini na wasemaji wa lugha zisizo na maandishi mengi. Neno hili ni zuri, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelipinga. Lakini maneno mazuri yanahitaji kuchunguzwa kuliko maneno mabaya, kwa kuwa neno baya hujitangaza lenyewe, hali neno zuri laweza kufunika mengi.

Basi na tuulize bila ya haya: kushirikishwa katika nini, na kwa cheo gani?

Mpagazi wa karne ya 19 aliyebeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo alishiriki katika biashara ya dunia. Bila ya bega lake pembe hiyo isingefika pwani, wala isingevuka bahari kwenda kuwa vibonyezo vya piano katika majumba ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Hata hivyo hakupanga bei, hakuchagua njia, na piano hakuisikia. Kama ushiriki ndio huo, sisi si wageni nao. Tulikwisha kuuonja, na ladha yake tunaijua.

Ndugu msomaji, makala haya yanataka kuonyesha kwamba katika akili mnemba tumo tayari, tena tumo kwa wingi, ila tumo kama wapagazi. Kudai tuingizwe ni kudai kitu tulichokwisha kupewa. Linalotupasa kudai ni cheo, sauti na umiliki.

Mashine hujifunza kwa nani?

Wako watu wanaodhani kuwa akili mnemba ni uchawi ulioshuka kutoka mbinguni, usio na upendeleo wala chuki. Huo ni upotofu. Mashine ya namna hii hufundishwa kwa mifano. Huonyeshwa picha kwa mamilioni, husomeshwa maandishi kwa mabilioni ya maneno, kisha hutafuta mfuatano uliomo humo na kuurudia. Ikionyeshwa mifano ya watu wa aina moja, itawajua watu wa aina hiyo. Wengine itawakosea, na itawakosea kwa kujiamini kabisa.

Ushahidi upo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, wanawake wawili weusi, walizipima mashine za kampuni tatu zilizodai kuweza kutambua kwa kutazama sura kama mtu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi kosa lilifika asilimia 34.7 katika mashine iliyofanya vibaya kuliko zote. Yaani mashine iliyouzwa kwa sifa kubwa ilimkosea mama mweusi mmoja katika kila watatu. Wahandisi waliozijenga hawakuwa wajinga. Katika vyumba vyao vya kazi na katika picha walizotumia, mama huyo hakuwapo, na asiyekuwapo hana wa kumuulizia.

Timnit Gebru huyo huyo ameeleza kwamba katika mkutano mkuu wa wataalamu wa fani hii wa mwaka 2016, uliohudhuriwa na maelfu ya watu, aliwahesabu watu weusi akapata sita. Mwaka uliofuata yeye na Rediet Abebe, msomi mzaliwa wa Ethiopia, walianzisha umoja wa wataalamu weusi wa fani hiyo. Wanachama wa umoja huo walipoalikwa kwenye mkutano wa Montreal mwaka 2018, wengi walinyimwa viza ya kuingia Kanada. Mwaka 2019 mkutano ulipofanyika Vancouver, mambo yakawa yale yale. Huu ndio ukarimu wa ushirikishwaji: kadi ya mwaliko inatumwa kwa mkono wa kulia, na mlango unafungwa kwa mkono wa kushoto.

Tazama pia lugha. Kiswahili husema "yeye" kwa mume na kwa mke, wala hakioni taabu. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil waliipima mashine maarufu ya tafsiri kwa lugha 12 zisizobagua jinsi katika neno hilo, Kiswahili kikiwamo. Sentensi za kazi mbalimbali zilipotafsiriwa kwa Kiingereza, mashine iliwafanya watu kuwa wanaume kupita kiasi, hasa katika kazi za sayansi na uhandisi, zaidi hata ya uwiano halisi wa wanaume katika kazi hizo. Kwa hiyo binti wa Songea anayeandika kwa lugha ya kwao kuwa mhandisi fulani ni hodari, huletewa mhandisi mwanamume na mashine isiyopata kumwona mhandisi huyo. Ubaguzi ambao lugha yetu haina, tunauziwa.

Tena tunauziwa kwa bei ya juu. Mashine hizi huyakata maandishi vipande vipande kabla ya kuyasoma, na anayezitumia kwa biashara hulipa kwa idadi ya vipande. Kwa kuwa visu vyake vilinolewa kwa Kiingereza, neno la Kiingereza mara nyingi hubaki zima, lakini neno kama "wamekwishatusaidia" hukatwa kama mkaa. Msemaji wa Kiswahili hulipia vipande vingi zaidi kwa kusema jambo lile lile. Mzani wa namna hii ungewekwa katika ghala la pamba, mkulima angeukataa siku ile ile.

Jasho la Nairobi

Yuko atakayesema kuwa hayo ni makosa ya utoto na kwamba yatarekebishwa. Sawa. Na tutazame basi kazi yenyewe inavyogawanywa.

Mnamo Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilifichua kuwa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa imepitia kampuni ya kati kuwatumia wafanyakazi wa Kenya. Kazi yao ilikuwa kusoma maelezo ya mauaji, mateso na unajisi wa watoto, kisha kuyatia alama ili mashine ijifunze kuyakwepa. Kwa mujibu wa gazeti hilo, mikataba ilitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kwenda kwa kampuni ya kati, na mfanyakazi aliyesoma uchafu huo alipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Wafanyakazi walieleza jinsi walivyoathirika akilini. Mashine ilitoka safi, ikasifiwa dunia nzima kwa adabu yake. Waliolipia adabu hiyo kwa usingizi wao hawakutajwa.

Wako watetezi wanaosema kuwa mshahara huo haukuwa mdogo kwa hali ya Nairobi. Hoja hii tumeisikia tangu enzi za mashamba ya mkonge. Kila mnyonyaji hulinganisha ujira wa mfanyakazi na njaa ya jirani yake, wala halinganishi na faida iliyotoka katika kazi ile. Heshima kubwa iwaendee wafanyakazi zaidi ya 150 waliokutana Nairobi Mei Mosi mwaka 2023 na kupiga kura ya kuunda chama chao. Wao wamefahamu jambo ambalo wasomi wengi hawajalifahamu: mlango wa kwanza wa ushiriki wa kweli ni mkataba wa kazi.

Mwaka huo huo, katika jiji hilo hilo, watu walipanga foleni ndefu ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin. Walipewa sarafu za mtandao zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ya Kenya iliusimamisha mradi mwezi Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo zifutwe. Hatuwacheki waliopanga foleni, maana shida haina adabu. Lakini ni lazima tuone mpango ulivyo: macho yetu yanatakiwa, sauti zetu zinatakiwa, mikono yetu inatakiwa. Akili zetu tu ndizo zinazoambiwa zingoje.

Wagonjwa wa kasumba

Si haki kuwalaumu watu wa nje peke yao. Ndani ya nyumba yetu kuna makundi mawili yanayorudisha nyuma jambo hili.

Kundi la kwanza ni la wale wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya juu ya mashine. Hawa ni watoto wa wale waliosema hakitaweza kuendesha Bunge, mahakama wala benki. Kiswahili kimezungumzwa bungeni na kodi zikapitishwa, kimekubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, na UNESCO mwaka 2021 ilikitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani. Kinazungumzwa na watu wanaokadiriwa kupita milioni 200, toka Lamu hadi Lubumbashi. Lakini katika Wikipedia, ambayo ni moja ya shule kubwa za mashine hizi, makala za Kiingereza zimepita milioni 6, na za Kiswahili hazijafikia laki 2. Lugha haina upungufu wowote hapo. Waliosoma wameona haya kuandika kwa lugha ya mama zao.

Kundi la pili ni la mabingwa wa warsha. Hawa hukutana hotelini kwa siku tatu, wakajadili kwa Kiingereza namna ya kuwashirikisha watu wasiojua Kiingereza. Hutoka na azimio, picha ya pamoja na posho. Ukiuliza mkulima wa muhogo wa Mkuranga amepata nini, utaambiwa kuwa awamu ya pili ya mradi inakuja. Ushirikishwaji wa aina hii ni bora usiwepo, kwani huwafanya watu waamini kuwa jambo linatendeka kumbe halitendeki.

Mifano ya kutia moyo

Je, yawezekana kufanya vingine? Yawezekana, na ushahidi tunao.

Muhogo ulipokuwa unaangamizwa na batobato na michirizi ya kahawia, watafiti walikwenda shambani. Picha za majani yenye ugonjwa zilipigwa katika mashamba ya Bagamoyo, zikabainishwa moja moja na wataalamu wa muhogo, na utafiti wake ukatolewa mwaka 2017. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya simu iitwayo Nuru, ya PlantVillage pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki. Nuru husema Kiswahili na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Ilifaa kwa sababu ilifundishwa kwa majani ya udongo huu, katika jua hili. Mashine iliyofundishwa kwa picha za maabara ya ng'ambo ingebabaika mbele ya jani lenye vumbi. Makao ya programu hiyo yako Marekani, na hapo ndipo hatua inayofuata inapotakiwa: Nuru ya kesho na iwe na makao hapa.

Mwaka 2017 vijana wa Afrika walikutana Johannesburg katika mkutano wa Deep Learning Indaba ili kufundishana wenyewe kwa wenyewe, na mkutano huo umezunguka tangu hapo, Nairobi ikiwa mwenyeji mwaka 2019 na Kigali mwaka 2025. Mwaka 2019 kilianza kikundi cha Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya kujenga pamoja. Wanachama wake walitafuta maandishi ya lugha zao, wakapima tafsiri, na mwaka 2021 wakatoa hazina ya maandishi ya habari yaliyobainishwa majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili, Kiganda, Kijaluo na Kinyarwanda zikiwamo. Katika kikundi hicho msemaji wa lugha ni mtafiti na jina lake limo katika kazi. Mwaka 2023 mkutano mkubwa wa fani hii, uliokuwa umepangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020 kabla ya kuzuiwa na UVIKO, ulifanyika Kigali. Safari hii walioomba viza ni wenzetu wa Ulaya na Marekani.

Mfano mkubwa kuliko yote watoka mbali. Huko New Zealand kuna kituo cha redio cha Wamaori kiitwacho Te Hiku Media. Mwaka 2018 kiliwaomba wananchi wake wasome sentensi kwa lugha yao, na katika siku 10 watu kama 2,500 wakatoa saa 310 za sauti. Kwa sauti hizo walijenga mashine yao ya kusikia Kimaori. Kampuni za nje zilipozitaka, zilikataliwa. Walitunga leseni yao wenyewe isemayo kuwa sauti hizo ni amana ya wenyeji, na faida yake itawarudia wenyeji. Wamaori hawafikii hata milioni mbili. Sisi tu mamilioni mangapi?

Wala jambo hili si geni kwetu. Redio haikubuniwa Tabora wala Mtwara. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio kwa Kiswahili, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana, kisha wakaamua na kutenda: walichimba vyoo, walisafisha visima, walifyeka mazalia ya mbu. Chombo kilikuwa cha kigeni, ila lugha, mpango na uamuzi vilikuwa vya watu. Huo ndio ushirikishwaji tunaousema.

Tufanye nini?

Kwanza, tulinde hazina za sauti. Katika ghala za redio zetu za taifa kuna maelfu ya kanda zenye ngoma, hotuba, ngano, taarabu na mazungumzo ya wazee waliokwisha kufariki. Hizo ni pembe za ndovu za zama hizi. Siku kampuni ya nje itakapokuja na mashine ya kuzihamisha bila malipo, asitokee ofisa wa kutia sahihi kwa furaha ya kupata msaada. Zihamishwe, ndiyo, tena upesi, maana kanda huoza. Lakini zihamishwe chini ya leseni inayosema kuwa mali ni ya umma na kwamba atakayefundishia mashine yake atalipa.

Pili, tupime kabla ya kununua. Hospitali, benki, shule au polisi wakitaka kutumia mashine ya akili mnemba, ipimwe kwanza kwa Kiswahili na kwa watu wa hapa: weusi, wanawake, wazee, watu wenye lafudhi ya Kigoma na ya Pemba. Matokeo yatangazwe. Mashine isiyomtambua mama wa Lindi isinunuliwe kwa kodi ya mama wa Lindi.

Tatu, sheria zifanye kazi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wa bara zima kuhusu akili mnemba Julai 2024. Karatasi hatuna upungufu nazo. Tunapungukiwa na wakaguzi wenye meno na vyama vya wafanyakazi vitakavyowatetea wanaotia alama picha na maneno usiku kucha.

Nne, hesabu ifundishwe kwa lugha inayoeleweka, na wasichana wasifukuzwe katika hesabu kwa maneno ya kebehi. Hakuna mtaalamu wa mashine asiyeanzia katika hesabu, na hakuna mtoto anayeipenda hesabu anayoisikia kama kelele.

Tano, tusiwatendee wengine tunayolalamikia. Kiswahili kinachodai haki mbele ya Kiingereza kisikimeze Kimakonde, Kisukuma wala Kihadza, wala kisiwasahau viziwi na lugha yao ya alama. Vilevile sauti zikusanywe vijijini na bandarini, si kwa watangazaji peke yao, ili mashine imwelewe mvuvi wa Kilwa kama inavyomwelewa msomaji wa habari.

Tunaambiwa kuwa mambo haya ni ya gharama, na kwamba mitambo mikubwa ya kuzifundishia mashine hatuna. Ni kweli hatuna mitambo hiyo. Lakini wenye mitambo hawana lugha zetu, hawana mashamba yetu, hawana sauti za wazee wetu, ndiyo maana wanabisha hodi. Mwenye kitu kinachotafutwa si maskini mpaka atakapokitoa bure. Na mataifa yanayosema Kiswahili yakikaa meza moja yakatoa sharti moja, hapatakuwa na kampuni itakayopita mlango wa nyuma wa jirani ili kupata kwa senti kile ilichokataliwa kwa haki.

Kwa hiyo atakapokuja mtu na neno tamu la ushirikishwaji, tumkaribishe, tumpe kiti, kisha tumuulize maswali matatu: Nani mwenye mali? Nani anaamua? Nani anapata faida? Akiyajibu sawasawa, tufanye naye kazi. Akianza kusifia ukarimu wetu na wingi wa vijana wetu, tujue kuwa msafara unatafuta mabega, na tumwambie mapema kwamba mabega hayo hayakodishwi tena.